Filamu ya reli ya Nachingwea: nimalizie maigizo au niwaache wazee waongee?

Kamera ya Ligula
Wakuu, salaam. Niko Mtwara mjini, kazi yangu ni video za harusi na unyago (za nje tu, msinielewe vibaya). Kabla ya korosho za mwaka juzi nilianza filamu ya maigizo kuhusu ile reli iliyojengwa na Waingereza kwa mradi wa karanga. Mradi wenyewe ulikufa 1951, na reli ikaja kung'olewa miaka ya 60. Niliandika skripti, nikawachukua wazee wa kijiji kimoja upande wa Nachingwea waigize.

Shida ni hii. Mzee wangu mkuu, ambaye utotoni alikuwa akimpelekea baba yake chakula kwenye tuta la reli, kila nikisema tuanze anaacha maneno niliyomwandikia na kusimulia yake. Kuna bibi mwenye kisa kitamu kuliko vyote, lakini wanawe hawataki sura yake ionekane. Kijana aliyeigiza nyapara kahamia Dar, na pesa imekata. Nitupe maigizo nifanye dokumentari, au nitafute mtaji nimalizie? Nawasilisha.

Chuma cha Magomeni
Malizia maigizo, mkuu. Weka mapenzi kidogo ya binti wa kijijini na dereva wa treni. Dokumentari ya wazee nani atanunua?

Mama Mitwero
Mwanangu Kamera, usitupe kitu kwanza. Mtafute Eduardo Coutinho, mtengeneza filamu wa Brazili, amefariki 2014. Mimi nilimjua kupitia mume wangu, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Ndugu zake wa Pemba, ile ya Msumbiji, walimletea flashi yenye filamu za huyo bwana. Yeye anajua Kireno, mimi sijui, basi ananitafsiria, anachelewa, tunagombana.

Yaliyokukuta wewe yalimkuta Coutinho kwa mtutu wa bunduki. Mwaka 1962 huko Sapé, jimbo la Paraíba, aliuawa kiongozi wa wakulima, João Pedro Teixeira. Coutinho akaamua kuigiza maisha yake kwa kutumia wakulima wenyewe, na mjane wa marehemu, Elizabeth, aigize nafasi yake mwenyewe. Sapé kulikuwa kumechafuka, wakahamia Galiléia, jimbo la Pernambuco. Walianza kupiga Februari 1964. Mwanzoni mwa Aprili jeshi limeshapindua serikali, askari wakawavamia, vifaa vikachukuliwa, watu wakatawanyika. Kilichopona ni mikanda iliyokuwa imetangulia Rio kusafishwa.

Miaka 17 baadaye, 1981, akarudi. Hakwenda kumalizia maigizo. Alifunga projekta pale pale Galiléia, akawaonyesha wale wakulima sura zao za ujana, na kamera ikawapiga wakijitazama. Halafu akamsaka Elizabeth. Akamkuta mji mdogo wa São Rafael anaishi kwa jina jingine, watoto wake karibu wote wametawanyika huku na huko. Akawafuata na hao watoto. Filamu ilitoka 1984, *Cabra Marcado para Morrer*, maigizo yamo na ya kweli yamo, na kila kimoja kinamsemesha mwenzake.

Kwa hiyo hivyo vipande vyako vya maigizo ndiyo mali. Beba laptopu, nenda kijijini, waonyeshe, rekodi wanavyotazama. Huyo mzee anayeiacha skripti yako mwache aikosoe mbele ya kamera.

Kuna mahali pa kukuhusu wewe fundi. João Mariano, aliyemwigiza João Pedro, anaanza kuongea, fundi wa sauti anamkatisha kwa ajili ya maikrofoni. Mzee wa watu anapoa, maneno hayarudi kama yalivyokuwa yanakuja. Coutinho hakukata, kaliacha humo humo. Ninyi watu wa harusi mnaniudhi kwa hilo hilo: "Mama, rudia kucheka."

Kuhusu bibi, tafuta *Jogo de Cena*, ya 2007. Coutinho aliweka tangazo gazetini, wanawake wakaja ukumbi wa tamthilia Rio kusimulia maisha yao. Kisha waigizaji, akiwemo Fernanda Torres na Marília Pêra, wakasimulia visa hivyo hivyo, mpaka unafika mahali humjui mwenye kisa. Yeye hakuwa anamficha mtu, alikuwa anatuchezea akili. Lakini wewe unaweza kuazima: maneno ya bibi yasemwe na mwingine, sura yake ibaki nyumbani. Ila muulize bibi mwenyewe, usiishie kwa wanawe.

Chuma cha Magomeni
Shikamoo mama. Na posho je? Wazee wa sasa hawakai kwenye mkeka bure.

Mama Mitwero
Marahaba. Wape, na usione haya. Kwenye *Santo Forte*, 1999, inayohusu imani za watu wa mtaa mmoja wa maskini Rio, pesa inakabidhiwa mbele ya kamera. Mimi naona ina heshima kuliko bahasha ya kupenyezwa mlangoni. Mtendaji wa kijiji naye ajue mapema.

Tena usiende peke yako. 2005 alitoa *O Fim e o Princípio*, alikwenda Paraíba vijijini bila skripti, hata kijiji hajachagua. Akampata Rosa, binti wa huko, ndiye aliyemwingiza kwa wazee. Wazee wanamjibu Rosa kama mjukuu, wakigeukiwa na Coutinho wanakaa sawa. Wewe huna binti anayejulikana pale?

Kamera ya Ligula
Yupo, mjukuu wa huyo bibi, anauza ming'oko stendi. Nitaongea naye. Chuma, binti na dereva wa treni nimekuachia wewe. Mama, hiyo flashi bado ipo? Jumamosi nina harusi Mingoyo, naweza kupita.

Mama Mitwero
Ipo. Pita mchana, na uje na laptopu, ya kwetu kioo kimekufa nusu. Mzee atakutafsiria. Mletee tumbaku.