Chini ya macho na mashavu ya juu vinavimba, nifanyeje?

Muuza dagaa, Kibirizi: Habari zenu wakuu. Nina miaka 41, niko Kigoma. Kila nikiamka chini ya macho pamejaa hadi mashavuni, kama niliyelia usiku kucha. Mchana panapungua. Jirani kanipa krimu ya kung'arisha, ngozi inawaka tu!

Jibu: Dada, krimu hiyo acha leo. Nyingine zina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, zinaifanya ngozi iwe nyembamba. Halafu usiku unakula dagaa wa chumvi? Chumvi inashikilia maji mwilini. Ukilala yanatulia usoni, ukisimama yanashuka. Inua mto, weka kitambaa cha maji baridi dakika 10.

Jibu: Mimi nililaumu chumvi miezi mizima, kumbe figo. Mkojo ulitoa povu, viatu vikanibana jioni. Kapime mkojo na presha kwanza, mambo ya mto baadaye.

Muuza dagaa: Miguu iko sawa. Ila nikianua dagaa macho yanawasha, nayasugua mno.

Jibu: Huenda ni aleji basi. Usiyasugue, nawa, funika pua na mtandio. Mkojo kapime hata hivyo.

Muuza dagaa: Asanteni. Jumatatu zahanati, sokoni atakaa binti yangu.