Mwanafunzi mtu mzima ananivurugia darasa la jioni (Moshi). Nimwondoe?

Tichajioni (mleta uzi)
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Kiingereza darasa la jioni hapa Moshi, watu wazima watupu, wengi wapagazi wa Mlima Kilimanjaro. Tunakutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 11:30 jioni hadi saa 1:00 usiku. Kwenye daftari la mahudhurio wako 22. Mmoja wao, miaka kama 48, amenishinda. Nikigeukia ubao anatupa neno, darasa zima linacheka. Simu yake ikiita anapokea hapohapo alipokaa. Nikimuuliza swali ananijibu kwa Kichagga. Sasa na wengine wameanza kuchelewa, kusinzia, kazi za nyumbani hawafanyi. Nimemwonya mara tatu mbele ya wenzake, wapi. Namwondoaje bila darasa lote kumfuata? Jumatatu iko mlangoni na usingizi sipati.

ChakiNyeupe
Pole mwalimu. Hayo maonyo matatu ya mbele za watu ndiyo yanayomchochea. Ukimwonya mtu mzima hadharani unamlazimisha ajibu, maana akinyamaza ameshindwa.

Anza na mgongo wako. Andika ubaoni kabla hawajaingia, ili usiwageuzie mgongo kwa zaidi ya mstari mmoja. Akianza maneno, sogea taratibu mpaka ubavuni mwa meza yake huku unaendelea kufundisha. Usimtazame, usikatishe sentensi.

Ikishindikana, zungumza naye nje kabla ya kipindi. Baada ya kipindi wenzake wanamsubiri wasikie, na kila mtu anawahi daladala. Sentensi tatu zinatosha: ulichoona, kilichoharibika, unachoomba. "Jumatano ulipokea simu mara mbili nikiwa naeleza. Waliokaa nyuma hawakusikia. Naomba ukipigiwa utoke, ukimaliza urudi." Neno "kila siku" lisikutoke, wala "wewe una tabia ya". Akilisikia tu, mtabishana juu ya hilo na simu itasahaulika.

DadaRau
Swali dogo. Huyo mzee wa miaka 48 unamsalimiaje?

Tichajioni
Nasema "habari za jioni" kwa wote. Mimi nina miaka 27, lakini darasani mwalimu ni mwalimu. Nikianza shikamoo moja moja nitapoteza mamlaka.

DadaRau
Hapo mdogo wangu umekosea. Shikamoo haijawahi kumpunguzia mwalimu mamlaka. Simama mlangoni dakika kumi kabla ya kipindi, msalimie kila mtu kwa umri wake na jina lake analoitwa mtaani, Baba fulani, Mama fulani. Aliyesalimiwa vizuri mlangoni anaona aibu kuvuruga ndani. Kizazi hiki mmejifunza kufundisha kabla ya kujifunza kusalimia.

Taa_na_Ubao
Mnakimbilia tabia kabla ya kuangalia macho. Kuanzia miaka 40 hivi macho mengi hupoteza uwezo wa kusoma maandishi ya karibu. Mtu atanyoosha karatasi mbali, atafinya macho, kisha ataanza utani ili asiambiwe asome. Kipindi kinapokaribia kuisha giza linaingia, na kama una balbu moja katikati, waliokaa pembeni wanasoma vivuli. Chapisha kwa herufi za ukubwa wa 16, acha nafasi kati ya mistari, herufi za ubaoni ziwe na kimo cha vidole vitatu. Jaribu mwenyewe kusoma ukiwa kwenye kiti cha mwisho, taa zikiwaka.

Kihamba
Yote mazuri, lakini kuna kitu mleta uzi hajasema. Watu wazima 21 hawacheki kila neno la mtu mmoja bila sababu. Huyu ni nani kwao? Na vurugu zilianza lini, wiki ya kwanza au baada ya tukio fulani?

Tichajioni
Sidhani kama hilo linahusu swali langu.

Kihamba
Ndilo swali lenyewe.

Tichajioni
Sawa. Ni msaidizi wa kiongozi wa msafara. Wengi darasani hupanda mlima kwa kuitwa naye, na yeye ndiye aliyewaleta kwangu. Mwezi uliopita nilitoa jaribio nikasoma alama kwa sauti, ili kuwatia moyo. Yeye alipata 11 kwa 50, kijana anayembebea mizigo akapata 39. Kuna waliocheka. Tangu siku hiyo ndiyo haya.

Lakini jamani, alama ni alama, shule zote zinasomwa. Na barua ya kumwondoa nimeshaiandika, imebaki saini tu. Siwezi kurudi nyuma nionekane dhaifu.

ChakiNyeupe
Ahaa. Basi anarudisha cheo ulichomvua mbele ya watu anaowapa kazi, na wao wanacheka kwa sababu safari ijayo iko mfukoni mwake. Ukimwondoa, hao wengine hawana budi kuondoka.

Alama za mtu mzima hukunjwa na kukabidhiwa mkononi. Chini ya alama andika mambo mawili aliyopata na moja la kurekebisha. Kosa la kusoma alama mwombe radhi peke yake, kisha litangazie darasa utaratibu mpya bila kutaja sababu.

Mgumu_Machame
Wakuu, mimi naona hii ni chai, hadithi ya kutunga. Leo tuko Agosti. Njia ya Machame ni siku 6 au 7, Marangu 5 au 6, mtu akishuka analala usiku mmoja mbili anapanda tena. Wapagazi 22 wakae darasani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa msimu huu? Walioachwa getini bila kazi labda. Mleta uzi atuambie ukweli au uzi ufungwe.

Kihamba
Hata mimi hesabu hiyo inanisumbua.

Tichajioni
Si chai. 22 ni walioandikishwa Aprili, masika, mlima ukiwa mtupu. Sasa hivi kwa siku wanakuja tisa, siku nyingine saba, na si walewale. Yeye mwenyewe alikosa vipindi vinne mfululizo kabla ya lile jaribio. Sikuandika kwa sababu nilijua mtaniambia darasa limekufa.

Mgumu_Machame
Nimekuelewa, naifuta chai. Ila ulimpima mtu kwa vipindi vinne ambavyo alikuwa juu kambi ya Barafu na wageni. Anayesinzia naye huenda kashuka jana.

Mkufunzi_Majengo
Hapo ndipo tatizo lilipo, na tabia ni moshi wake tu. Somo lako linajengwa kama ngazi, aliyeruka hatua mbili hana pa kukanyaga. Mtu asiyeelewa na mwenye hadhi ya kulinda ataleta vichekesho.

Vunja ngazi. Kila kipindi kiwe na jambo moja linaloanza na kuisha jioni hiyohiyo: kumpokea mgeni getini, kueleza chakula, kuuliza hali ya mgonjwa. Ukurasa mmoja wenye sentensi nane na mazungumzo mafupi. Nakala tano za kila ukurasa weka kwenye faili lililoandikwa "Waliokuwa mlimani". Anayerudi anachukua kurasa alizokosa na kukaa na mwenzake dakika 10 za mwanzo, wakati wengine wanarudia la juzi wawili wawili.

Dakika 90 zigawe hivi: 10 za marudio hayo, 15 za jambo jipya, 25 za mazoezi ya wawili wawili, 10 za mapumziko na simu, 20 za kuigiza, 10 za kuandika. Simu usizipige marufuku, maana kwa mpagazi ndiko kazi inakopitia. Mkubaliane tu: mtetemo, na kupokelea nje. Kanuni zitoke vinywani mwao, zisizidi tano, ziandikwe na mmoja wao.

Ukiuliza swali, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kutaja jina. Kwanza kila mtu amwambie jirani, ndipo mmoja aseme kwa sauti. Makosa usiyakatishe katikati ya sentensi. Andika matatu, yaweke ubaoni mwishoni bila jina la mtu.

Na kumbuka ile kampeni ya elimu ya afya kwa watu wazima, Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma. Kiongozi wa kikundi hakutakiwa kuhutubia, alitakiwa kuongoza mazungumzo. Wewe unahutubia.

Tichajioni
Na yeye nimfanye kiranja?

Mkufunzi_Majengo
Hapana, madaraka anayo tayari. Mpe ujuzi wake. Aeleze kwa Kiswahili dalili za mgeni anayeumwa na mlima: kichwa, kichefuchefu, kuyumba anapotembea. Darasa litafute Kiingereza chake, ubaoni waandike "Are you feeling dizzy?" na ndugu zake. Jioni hiyo wewe utajifunza kwake na yeye kwako, na hakuna atakayekumbuka nani alipata 11.

Tichajioni
Barua siichani bado, nitaiweka kwenye begi. Jumatatu saa 11:10 nitamsubiri nje. Ukurasa wa kwanza nimeshauanza: mgeni anaumwa akiwa Barafu, usiku wa kupanda kileleni.

Mgumu_Machame
Usianzie Barafu, huko mgonjwa anateremshwa, maneno ni machache. Anzia Shira, kambi ya chini zaidi, jioni, mgeni amegoma kula. Hapo kuna mazungumzo. Na umsalimie.