Mjadala: Timu ya BICEP2 iliwahi mno kutangaza?

Chumbageni: Nauliza wazi. Machi 2014 timu ya BICEP2, darubini ya Ncha ya Kusini, walisema kwenye mnururisho uliobaki tangu mwanzo wa ulimwengu wameona alama ya mawimbi ya mvutano ya wakati huo, r = 0.2 (r ni kipimo cha nguvu ya mawimbi hayo). Mwaka uliofuata, wakichambua pamoja na timu ya setilaiti ya Planck, ikaonekana sehemu kubwa ni vumbi la galaksi yetu. Walikosea kutangaza?

Raskazone: Walikosea. Walipima kwa masafa mamoja ya mawimbi (kasi ya mitetemo yake), gigahezi (GHz) 150. Mng'ao wa vumbi unapanda kadiri masafa yanavyopanda, ule wa mnururisho wa mwanzo una mwendo wake. Bila masafa ya pili hutenganishi kitu. GHz 353 ya Planck ndiyo iliyowaumbua.

Makorora: Na ramani ya vumbi waliichota kwenye slaidi ya mkutano! Darubini kama ile tungeijenga Lushoto, kuna baridi na milima.

Raskazone: Lushoto, na ukungu ule? Hayo ni mapenzi ya nyumbani, kaka.

Makorora: Kwetu usikuguse. Mlima ni mlima.

Pongwe: Tatizo si baridi, ni mvuke wa maji. Unameza mawimbi hayo na kutoa mengine. Ncha ya Kusini iko mita 2,800, na majira ya baridi mvuke wote wa juu yako ukiugeuza maji haufiki milimita 1. Lushoto mita 1,400 hivi, na upepo unatoka baharini.

Makorora: Basi Kilimanjaro, mita 5,895!

Chumbageni: Jamani, swali langu. Raskazone, unawaonea. Polaraizesheni waliyoipima, yaani mwelekeo wa mitetemo ya mawimbi, ilikuwepo angani kweli. Walichokosea ni kusema imetoka wapi.

Raskazone: Simuonei mtu. Hicho ulichokiita "imetoka wapi" ndicho walichokwenda kukitafuta! Baadaye waliongeza GHz 95 na 220, na 2021 wakatoa r chini ya 0.036. Hapo nawavulia kofia.

Makorora: Kilimanjaro hamjanijibu.

Pongwe: Kimo kinatosha, kituo cha darubini cha Simons Observatory kule jangwa la Atacama, Chile, kiko mita 5,200. Lakini vipokezi vinataka kelvini 0.3 au chini yake, karibu na baridi ya mwisho kabisa. Joto likipanda vinatoka kwenye ukingo wa upitishaji-kamili, yaani pale vinapoanza kupitisha umeme bila ukinzani, havisomi. Mashine moja ya kupoza inakula kilowati 10 hivi, usiku na mchana.

Makorora: Sola?

Pongwe: Mchana sawa. Usiku utabeba betri za kilowati-saa zaidi ya 100 mpaka Kibo, na betri kwenye baridi ile zinapoteza nguvu. Nani atazipandisha?

Makorora: Wagumu wapo. Tupige hesabu ya mizigo.