Tupeane uzoefu: tamthilia ya Kichina iliyokugusa penzi lako la siri

Binti Pangani: Nimemaliza Hidden Love ya 2023, vipande vyote 25, kifua bado kinanibana. Pale binti Sang Zhi anapopanda ndege kwa siri kumfuata Duan Jiaxu, rafiki wa kaka yake, anamkuta na dada mwingine, halafu anasingizia kaja kuonana na mpenzi wa mtandaoni! Analia, na anayembembeleza ndiye huyo huyo anayemliza. Waliowahi kupenda kimya kimya njooni.

Mama Ilham: Hapo uwanja wa ndege nililia na mimi.

Mwandiko Mzuri: Wangu pia alikuwa rafiki wa kaka. Kila Jumapili yuko kwetu, na mimi ndiye nilikuwa namtengea chakula, nyama kubwa naificha chini ya wali. Akila namchungulia kupitia pazia la jikoni. Siku moja kaka kaingia na bunda la kadi za harusi ya huyo rafiki yake: "Mdogo wangu, una mwandiko mzuri, tuandikie majina ya waalikwa." Nikakaa sebuleni na kalamu ya wino wa dhahabu, bibi harusi mtarajiwa pembeni ananisomea orodha. Tulipofika jina langu akasema, "Wewe jiandikie tu, wifi." Nikaandika. Herufi haikutetemeka hata moja.

Kidawa: Jamani WIFI!!

Mzee wa Chalinze: Tamthilia yenyewe siipendi. Binti yuko sekondari, jamaa yuko chuo kikuu. Mnashangilia nini?

Binti Pangani: Umeitazama au umesimuliwa? Jiaxu alimchukulia kama mdogo wake mpaka binti alipofika chuo. Na mwenyewe alikuwa amelemewa na deni la ajali ya baba yake.

Mzee wa Chalinze: Nimeitazama. Binti yangu ana umri ule ule.

Shemeji Lake: Tamthilia ya Doudou na Mama Wakwe Zake pale runinga ya TBC 2011 ilikuwa ya kelele, kila mtu anasema lake. Hawa wa Hidden Love wanaongea kwa macho, ndiyo maana wanaumiza.

Kidawa: Tuacheni Doudou. Mwandiko, alikuja kujua?

Mwandiko Mzuri: Hapana. Ana watoto sasa, wananiita shangazi.

Mama Ilham: Usimwambie kamwe. Utavunja nyumba ya watu.

Shemeji Lake: Mwambie kaka yako angalau, utue mzigo.

Kidawa: Kaka?? Si atampigia simu rafiki yake jioni hiyo hiyo! Mwandiko, tazama The First Frost, kisa cha Sang Yan, kaka yake Sang Zhi. Ila usiitazamie sebuleni kwenu.