Bunduki ni yangu, leseni ninayo, fundi ananiambia nianze upya kama mnunuzi!

Wana Tanga, yamenifika shingoni.

Nina bunduki ya mitutu miwili ya kufukuzia nguruwe pori wanaofukua muhogo wangu shambani Pangani. Leseni ina jina langu na namba ya silaha. Pini ya kupigia ilikatika, nikaipeleka kwa fundi mwenye kibali hapa mjini, jina lake naliacha. Alinipa kikaratasi kimeandikwa "bunduki 1, pini". Namba ya silaha hakuandika! Nilipodai aiandike akasema sisi tunajuana.

Wiki mbili baadaye akampigia mpwa wangu: njoo uchukue mzigo wa mjomba wako. Mzigo! Kijana hana leseni, hajawahi hata kushika silaha, na huyu bwana alikuwa tayari ampe bunduki apande nayo daladala. Nikamkataza asiende. Nimekwenda mwenyewe, leseni mkononi, jamaa akageuka. Eti silaha ikishaingia kwake haitoki mpaka nilete kibali kipya, nianzie serikali ya mtaa, nipite kamati ya ulinzi na usalama, nifike polisi. Safari nzima ya mtu anayeomba silaha kwa mara ya kwanza! Sinunui kitu jamani, nachukua changu.

Asiye na leseni apewe, mwenye leseni azuiwe. Sheria gani hiyo?

Shemeji yangu yuko Marekani, nikamuuliza kwao ikoje. Kule ukinunua bunduki dukani unajaza fomu 4473 na rekodi zako zinakaguliwa. Lakini ukiipeleka kwa fundi mwenye leseni na ukarudi kuichukua wewe mwenyewe uliyeileta, fomu hiyo haidaiwi, maana hapo hapajauzwa kitu. Ikilala kwake, anaiandika daftarini na namba yake, siku ilipoingia na siku ilipotoka. Akija mtu mwingine kuichukua, hata awe ndugu yako wa damu, hapo fomu na ukaguzi vinamhusu. Na fundi akijua kwamba mwenyewe umepigwa marufuku kushika silaha, hakupi.

Sisemi tuige sheria zao. Tuna yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na ninaiheshimu, ndiyo maana mpwa wangu sikumtuma. Lakini huyu fundi amegeuza mambo juu chini: pa kukaza amelegeza, pa kulegeza amekaza. Na mimi sina hata karatasi yenye namba ya kuthibitisha kwamba ile iliyoko kabatini kwake ni yangu. Ikipotea leo, ikaja kuokotwa kwenye tukio la ujambazi, atakayefuatwa usiku ni nani? Yeye au mimi ambaye jina langu liko kwenye leseni?

Huku nguruwe wameshamaliza matuta ya upande wa mtoni.

Kesho narudi kwake. Akikataa tena, aandike sababu kwa mkono wake, aweke namba ya silaha na sahihi, halafu karatasi hiyo naipeleka polisi mwenyewe. Aliyewahi kutengenezesha silaha hapa Tanga aniambie alikabidhiwa kwa karatasi gani.