Naomba ushauri: tunaowatunza wazee kijijini tumeelemewa
Habari zenu ndugu wanakikundi. Kijijini kwetu tumejitolea kuwatunza wazee wanaoishi peke yao: kuwatembelea, kuwakumbusha dawa, kuwasindikiza kliniki. Tulianza watu 11, tumebaki 4. Mwenzetu mmoja anamgeuza mama aliyelala kitandani kila baada ya saa mbili usiku ili asipate vidonda, kisha asubuhi anaenda kazini. Naogopa ataugua yeye. Tumejaribu zamu za wiki, zikavunjika. Nimesoma kwamba wakazi wa Hoogeloon, kijiji cha Uholanzi, waliunda ushirika wa matunzo mwaka 2005. Je, wachache kama sisi tuanze na ushirika, au kwanza tupunguze kazi? Na zipi hasa tumwachie muuguzi?