Wenye kipandauso sugu, tupeane uzoefu: umekizuiaje kisikurudie kila mara?

Taa_Ndogo: Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wale ambao kichwa kinawauma siku 15 au zaidi kwa mwezi, sio kile cha njaa kinachoisha ukila. Nazungumzia upande mmoja unaogonga kama kuna mtu anatwanga kisamvu ndani, mwanga wa dirishani unachoma, na vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani vinakutapisha. Kazini unaonekana mvivu. Nyumbani wanasema malaria, unapima, hakuna.

Naanza mimi. Changu kinaanzia machoni. Nikiwa nasoma ujumbe kwenye simu, herufi za katikati zinapotea, halafu unatokea mstari wa pembepembe unaometameta na kusogea taratibu kuelekea pembeni. Baada ya kama nusu saa, kichwa kinaanza. Nimeshaambiwa mpaka nimerogwa. Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye aliyenieleza kwamba ule mmeto ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kisha akaniuliza natumia vidonge gani vya uzazi wa mpango. Vilikuwa vyenye estrojeni, ile homoni ya kike. Akavisimamisha siku ileile na kunipa njia nyingine, kwa sababu mwanamke anayeona mmeto kabla ya kichwa, estrojeni inamwongezea hatari ya kiharusi. Dada zangu, hili liulizeni hata kama kwa sasa kichwa kimetulia.

Kwa kuzuia natumia vidonge vya propranololi kila siku, kichwa kiwepo kisiwepo. Wiki za mwanzo sikuona kitu. Nafuu imekuja mwezi wa pili. Haya, leteni ya kwenu.

Fundi_Saa: Pole sana dada. Mimi hiyo propranololi nilinyimwa kwa kuwa nina pumu, inabana kifua. Mwenye pumu aseme mapema kabla hajaandikiwa.

Kijana_wa_Tanga: Naleta ya mama yangu. Ni mama lishe, saa kumi alfajiri yuko jikoni. Alizoea kumeza vidonge viwili vya maumivu na chai ya rangi kila asubuhi kabla kichwa hakijaanza, eti kisije. Kikawa kinakuja kila siku. Tulipompeleka kliniki, daktari alimwomba atoe kila kilichomo kwenye mkoba. Zikamwagika mezani pakiti tupu za vidonge, mama mwenyewe akanyamaza. Tukaelezwa kuwa dawa za kawaida za maumivu ukizitumia siku 15 au zaidi kwa mwezi, na hali hiyo ikaendelea zaidi ya miezi mitatu, zenyewe zinaanza kuzaa maumivu. Zile za mchanganyiko zenye kafeini ni siku 10 tu.

Wakamwachisha. Nisiwadanganye, siku za mwanzo zilikuwa ngumu: alilala amejifunga kitenge kichwani, anatapika, wadogo zangu wakashika biashara. Wakamwanzishia amitriptilini dozi ndogo ya usiku. Jirani akamwambia hiyo ni dawa ya sonona, mama akagoma kabisa, mpaka daktari alipomfafanulia kwamba kwa kiasi kidogo inazuia kipandauso na inampa usingizi pia. Sasa kinakuja kwa nadra. Kikija anakula kidogo, anameza ibuprofeni mapemaa, anaingia chumba chenye giza. Akichelewesha dawa mpaka kichwa kipambe moto, haimsaidii.

Abu_Muscat: Salamu kutoka Oman. Adui yangu ni siku za kwanza za Ramadhani, na nimegundua kahawa ina mkono wake. Mtu wa vikombe vingi akiikata ghafla, kichwa lazima. Siku hizi naipunguza kidogo kidogo tangu Shaabani, daku siiachi na naisogeza karibu na alfajiri. Mwaka huu nimefunga vizuri, alhamdulillahi.

Mama_Wawili: Asanteni jamani, nilidhani niko peke yangu. Daktari kaniambia niandike daftari la kichwa. Mnaandika nini humo?

Taa_Ndogo: Mama, chukua daftari lolote la mwanafunzi. Andika saa kilipoanza, ulilala saa ngapi, ulikosa mlo gani, uko siku ya ngapi ya hedhi. Vidonge viwekee safu yake, maana siku za vidonge ndizo daktari atakazozitazama kwanza. Mimi daftari lilinionyesha kwamba Jumapili nikilala mpaka saa nne, jioni kinakuja. Sasa naamka saa ileile kila siku.

Ila kichwa kikipasuka ghafla kwa nguvu zote ndani ya dakika moja, au kikija na homa na shingo kukakamaa, au mkono ukalegea na maneno yakakwama, hapo acha daftari. Wakupeleke hospitali usiku huohuo.